Kipi Kibaki Katika Sauti

Ukinyamaza katikati ya maongezi ya simu ya mkononi, simu yako nayo hunyamaza. Katika mitandao mingi chombo hicho hutambua kwamba hakuna anayesema, kikaacha kupeleka sauti. Mara moja moja hutuma tu maelezo mafupi kuhusu kimya cha mahali ulipo: kina nguvu gani, kina mlio wa namna gani. Simu ya mwenzako huyapokea maelezo hayo, ikatengeneza yenyewe mvumo hafifu unaoshabihiana na kimya chako, ikamwekea sikioni. Sababu yake ni kwamba kimya kitupu humtia mtu wasiwasi. Asiposikia chochote kabisa hudhani laini imekatika, akaanza kuita: "Haloo? Upo?" Basi wahandisi wakaona afadhali wamtengenezee kimya.

Kila nikilifikiria jambo hili huzidi kunivutia. Kuna watu waliokaa wakakisikiliza kimya mpaka wakajua ni kipi ndani yake msikilizaji anakihitaji. Ufundi huo sasa una umri wa karibu miaka 100, na umepitia maabara za simu, madarasa ya viziwi, vita, studio za muziki na idara za vyuo vikuu. Swali lake halijabadilika: ukiichukua sauti ya mtu, ni kipi lazima kibaki ili iendelee kuwa sauti yake, na ni kipi kinaweza kuachwa njiani asitokee wa kukikosa?

Aliyelishikilia swali hili kwa ukaidi alikuwa Homer Dudley, mhandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu huko Marekani. Alipoanza kazi hiyo mwaka 1928, huduma ya simu kati ya New York na London ilikuwa na mwaka mmoja tu. Ilipita kwa redio, na dakika 3 za kwanza ziligharimu dola 75 mwanzoni. Chini ya bahari kulikuwa na kebo za telegrafu zilizotangulia kwa miongo mingi, lakini njia zake zilikuwa nyembamba mno kwa sauti ya mtu. Kebo ya namna hiyo ilimudu mitetemo kama 100 kwa sekunde, ilhali maongezi ya simu yalidai nafasi ya karibu 3,000. Mwingine angedai kebo bora zaidi. Dudley aliiacha kebo kama ilivyo, akaigeukia sauti.

Alianza na kinywa. Mtu anaposema, hewa hutetemeka mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, lakini ulimi, midomo na taya haviwezi kwenda kasi hiyo kwa kuwa ni nyama na mfupa. Mwendo wao ni wa mara kumi hivi kwa sekunde, na karibu maana yote ya maneno imo katika mwendo huo wa polepole. Mtetemo wa kasi kazi yake ni kuubeba, ili sikio la mtu aliye ng'ambo ya chumba lipate habari za ulimi uliofichika ndani ya meno. Mwaka 1940 Dudley alilieleza hili katika makala ambayo bado husomwa, akiizungumzia sauti kwa lugha ya watu wa redio: koo hurusha wimbi, kinywa hulichora.

Ikiwa ni hivyo, hakuna haja ya kutuma sauti. Tuma vipimo vyake, kama mtu anayempelekea fundi cherehani wa mji mwingine vipimo vya kanzu na kubaki na kanzu yake nyumbani. Fundi atashona nyingine kwa kitambaa alicho nacho. Upande wa msemaji, vichujio 10 viliigawa sauti kuanzia sehemu zake nzito hadi nyembamba, kila kimoja kikapima nguvu iliyopita kwake. Kipimo kimoja zaidi kilieleza kama koo linavuma au halivumi, na likivuma, kwa kasi gani. Upande wa msikilizaji mashine ilikuwa na malighafi mbili tu. Ya kwanza ni mvumo, wa kushonea irabu na sauti kama m, n na z. Ya pili ni upepo mtupu, wa s, f na sh. Vipimo vikifika, mvumo au upepo ulipitishwa katika vichujio vingine 10, na sauti ikatoka. Si sauti ya msemaji, kwa kuwa ile ilibaki alikokuwa, ila maneno ni yake na mwendo ni wake. Mashine hiyo iliitwa vokoda, na hataza yake ilitolewa mwaka 1939.

Mizizi ya wazo hili iko mbali na kebo. Mwaka 1791, jijini Vienna, Wolfgang von Kempelen alichapisha kitabu juu ya namna binadamu anavyotamka, pamoja na maelezo ya mashine yake ya kusema: mivukuto badala ya mapafu, mwanzi unaotetemeka badala ya koo, na mkono wa mtu ukifunika na kufunua kinywa cha mpira. Alexander Graham Bell, kabla hajawa mtu wa simu, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake hakuwa akisikia vizuri, mkewe alikuwa kiziwi, na baba yake alichapisha mwaka 1867 alfabeti inayoonyesha kila sauti kwa alama ya mahali ulimi na midomo inapokaa. Wanaosimulia habari za simu huziruka habari hizi haraka. Mwanahistoria Mara Mills ameshughulika nazo bila haraka, na katika makala yake ya 2012 ameiunganisha vokoda na zoloto bandia, kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya watu waliokatwa zoloto, kiungo cha kooni kinachotoa mvumo wa sauti, kwa sababu ya maradhi.

Kifaa hicho ni cha kutazamwa kwa makini. Mtu aliyepoteza zoloto hupumua kwa tundu lililo shingoni. Kifaa kilichukua pumzi hiyo, kikaipitisha kwenye ulimi mdogo unaotetemeka, kisha mrija ukapeleka mvumo mdomoni. Mtu akachezesha midomo na ulimi kama kawaida, na maneno yakatoka. R. R. Riesz wa Bell Labs alikiendeleza katika miaka ya 1920, na jina lake linaonekana tena pembeni ya la Dudley katika kazi iliyofuata. Naona hapo ndipo penye kiini cha ugunduzi wote. Watu waliopoteza zoloto walithibitisha kwa miili yao kwamba mvumo ni kitu kimoja na kinywa ni kingine, na kwamba mvumo unaweza kutoka popote.

Kazi iliyofuata ni Voder. Dudley, Riesz na S. S. A. Watkins waliichukua nusu moja ya vokoda, ile ya kushona, wakaondoa waya uliokuwa unaleta vipimo, wakaweka mikono ya mtu. Mashine ilionyeshwa Philadelphia mwezi Januari 1939, kisha katika maonyesho makubwa ya dunia ya New York mwaka huohuo. Mwendeshaji alikaa mbele ya dawati dogo lenye vitufe 10, kila kitufe na kichujio chake, na kadiri kidole kilivyozama ndivyo sauti ya kichujio hicho ilivyopata nguvu. Vitufe 3 vya pembeni vilikuwa vya vipasuo: kimoja kwa p na b, kimoja kwa t na d, kimoja kwa k na g. Chini ya kifundo cha mkono palikuwa na kipande cha chuma cha kuchagulia mvumo au upepo. Mguuni palikuwa na pedeli ya kupandisha na kushusha kidatu.

Walioiendesha walikuwa wasichana wa swichibodi za simu. Wengi walijaribiwa, wakachaguliwa dazeni mbili hivi, na mafunzo yalichukua karibu mwaka mzima. Aliyewafundisha ni Helen Harper, na yeye ndiye aliyeeleza kazi yake kwa usahihi kuliko mhandisi yeyote. Ili mashine itamke neno la Kiingereza concentration, alisema, inambidi aunde sauti 13 mfululizo, apandishe na kushusha kifundo cha mkono mara 5, na abadilishe pedeli mara 3 hadi 5 kulingana na hisia anayotaka neno libebe. Na yote hayo kwa wakati wake barabara.

Tuseme angepewa neno kusikitika. Kitufe cha k kwanza. Kisha u: mvumo, na vidole vikizama kwenye vichujio vizito tu. Mara kifundo cha mkono kinageuza mvumo kuwa upepo na vidole vinahamia vichujio vya juu kabisa, hiyo ni s. Rudisha mvumo kwa i, irabu ngumu, maana nguvu zake ziko sehemu mbili zilizo mbalimbali, moja chini na nyingine juu, na katikati panatakiwa pawe patupu. Kidole kimoja kikiteleza hapo, i inaharibika. K tena, i tena, kitufe cha t, i, kitufe cha k, na mwisho a, ambayo nguvu zake zimekusanyika katikati ya vitufe. Sauti 10 kwa muda wa chini ya sekunde moja. Na kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mguu lazima uinue kidatu kwenye ti, usitangulie na usichelewe, la sivyo msikilizaji atasikia silabi tano zisizojuana.

Sisi tunaosema tangu utotoni hufanya yote hayo bila kujua. Wale wasichana walijifunza kwa vidole kile ambacho ulimi hukijua kwa mazoea, na waliijua sauti kwa namna ambayo watu wachache sana duniani wamepata kuijua. Vitabu vingi humtaja Dudley na kuwaacha wao katika picha bila majina. Naona huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu bila masikio na mikono yao Voder ingebaki sanduku linalovuma.

Katika onyesho la Voder kulikuwa na sehemu moja iliyolenga kiimbo. Mtangazaji aliiuliza mashine maswali matatu, nayo ikajibu kila mara kwa sentensi ileile ya maneno matatu, kwamba yeye ameniona, ila kila jibu likainua neno tofauti: nani aliyeona, alifanya nini, alimwona nani. Msikilizaji wa Kiswahili anaelewa papo hapo kwa nini hili ni jambo zito. Kwetu swali la ndiyo au hapana mara nyingi halina neno hata moja la kulitofautisha na taarifa. "Amekuja" ni habari, "Amekuja?" ni swali, herufi ni zilezile na mpangilio ni uleule. Ukiitupa pedeli ya mguu katika Kiingereza, maneno mengi bado hueleweka kwa mpangilio wake, maana swali hubadilisha nafasi za maneno. Ukiitupa katika Kiswahili, umeondoa sarufi.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, vokoda ilipata kazi ya siri. Mfumo wa simu za siri ulioitwa SIGSALY ulizinduliwa tarehe 15 Julai 1943 kati ya Pentagon na London, ambako mitambo iliwekwa katika ghorofa ya chini ya duka la Selfridges. Baadaye vituo vilifika Algiers, Brisbane na kwingineko. Kila kituo kilikuwa na uzito wa tani 50 na ushei. Sauti ya msemaji ilipimwa na vokoda mara 50 kwa sekunde, kila kipimo kikapewa mojawapo ya ngazi 6, kisha kikachanganywa na namba za bahati nasibu zilizorekodiwa kwenye sahani za santuri, sahani ileile ikizunguka wakati uleule pande zote mbili za bahari, na ikishatumika haitumiki tena. Habari zake zilifichwa hadi mwaka 1976.

Namba 50 ndiyo inayonishangaza. Simu ya mkononi ya GSM, iliyoanza kutumika mwaka 1991, nayo huikata sauti vipande 50 kwa sekunde, kila kipande milisekunde 20, na vyombo vingi vya kutuma sauti leo huikata vivyo hivyo. Kati ya mitambo ya tani 50 na simu inayokaa kiganjani kila kitu kimebadilika isipokuwa ulimi. Milisekunde 20 ni muda ambao kinywa hakijawahi kusogea sana.

Kujua kipi kibaki kulihitaji jambo jingine, na hapa subira ya watafiti inaonekana wazi kuliko mahali pengine. Mtu lazima asikilize. Bell Labs, chini ya Harvey Fletcher, iliwakalisha watu vyumbani na kuwasomea kupitia simu silabi zisizo na maana, maelfu kwa maelfu, nao wakaandika walichosikia. Silabi zilikuwa hazina maana kwa makusudi, kwa sababu mtu akisikia neno analolijua hujaza pengo kwa akili yake, na simu mbovu ikaonekana nzima. Baadaye watafiti wa Harvard walitunga orodha 72 za sentensi kumi kumi, zilizopangwa ili sauti za Kiingereza zitokee kwa uwiano wake wa kila siku. Ni sentensi za kawaida kabisa, na hadi leo wahandisi huzitumia kupima vyombo vya mawasiliano.

Kutoka katika kazi ya namna hiyo simu ya kawaida ilipata mipaka yake: hupitisha mitetemo ya kuanzia 300 hadi 3,400 kwa sekunde, basi. Mipaka hiyo ina matokeo ambayo kila mtumiaji ameyaonja. Nguvu nyingi za s ziko juu ya 3,400, hivyo zikikatwa s hufanana na f. Mtu akitaja jina lake la ukoo kwa simu hulazimika kusema "S ya Salama", na "sisi" ikitamkwa peke yake haiko mbali na "fisi". Upande wa chini kuna jambo la ajabu zaidi. Koo la mwanamume hutetemeka kama mara 120 kwa sekunde, na la mzee mwenye sauti nzito hata chini ya hapo. Mtetemo huo wa msingi simu haiupitishi. Hata hivyo ukipigiwa na babu unasikia uzito wote wa sauti yake. Sikio na ubongo huchukua mitetemo ya juu, ambayo imepangana kwa hatua za 120, na kutokana na hatua hizo hujenga upya msingi ambao haukufika. Nusu ya kazi ya mhandisi hufanywa na anayesikiliza, na ufundi wote huu umesimama juu ya kumwamini.

Waliomwamini zaidi ni Bishnu Atal na Manfred Schroeder. Atal alizaliwa Kanpur, India, akasomea Bangalore, akaingia Bell Labs mwaka 1961. Pamoja na Schroeder, Mjerumani, alifanyia kazi wazo ambalo Fumitada Itakura na Shuzo Saito walikuwa wakilishughulikia huko Japani karibu wakati uleule: kwamba sauti inatabirika. Ukijua hewa ilivyotetemeka punde kidogo iliyopita, unaweza kukisia itakavyotetemeka sasa, kwa sababu kinywa hakirukiruki. Tuma kanuni ya kukisia, na kile kidogo tu ambacho kanuni haikukipata.

Mwaka 1985 Atal na Schroeder walifika mbali zaidi. Walitengeneza kitabu cha mifuatano 1,024 ya mitetemo ya kubahatisha, kila mmoja wa milisekunde 5, ili kila upande wa simu uwe na nakala yake. Kwa kila milisekunde 5 za sauti ya mtu, mashine inajaribu mifuatano yote 1,024 mmoja baada ya mwingine, inaupitisha kila mmoja katika umbo la kinywa lililokwisha kupimwa, inalinganisha na sauti halisi, kisha inatuma namba ya ule uliokaribia zaidi. Ila "kukaribia" hakupimwi kwa rula ya kawaida. Kosa linaruhusiwa liwe kubwa pale ambapo sauti yenyewe ina nguvu, kwa kuwa huko sikio halitalitambua, na linabanwa pale palipo tulivu. Kompyuta ya Cray-1, miongoni mwa zenye nguvu zaidi za wakati wake, ilihitaji sekunde 125 kuchakata sekunde 1 ya maongezi. Kwa mtu wa biashara hilo lingetosha kuliua wazo. Wao walilichapisha, kwa sababu masikio yao yalikuwa yameshawaambia kwamba linafanya kazi na kompyuta zingefika tu. Zilifika. Simu nyingi za mkononi zimepitisha maongezi kwa vizazi vya kitabu hicho, na kodeki (programu ya kubana sauti) ya Opus, iliyokamilishwa mwaka 2012 na ambayo WhatsApp huitumia kwa ujumbe wa sauti, inategemea utabiri uleule inaposhughulikia maongezi.

Wasanii waliichukua mashine hii na kuuliza upande wa pili wa swali. Wahandisi walitaka upotevu usionekane. Wasanii walitaka tuusikie. Wendy Carlos aliimbisha vokoda katika muziki wa filamu ya A Clockwork Orange mwaka 1971, na kundi la Kraftwerk la Ujerumani likawazoesha nayo vijana wa Ulaya. Lakini aliyeirudisha nyumbani kwake, yaani kwenye simu, ni Laurie Anderson. Wimbo wake O Superman, ambao mwaka 1981 ulifika nafasi ya 2 katika chati za Uingereza, una sauti ya mama inayoacha ujumbe kwenye mashine ya kupokea simu, na vokoda imeifunika sauti ya mwimbaji. Chombo kilichobuniwa ili mtu asikike ng'ambo ya bahari kinatumika kumfanya aliye karibu asikike yuko mbali sana. Nimeusikiliza mara nyingi, na kila mara naona Anderson ameelewa jambo ambalo makala za kiufundi hazikuwa na nafasi ya kulisema: kwamba vipimo vyote vikiwa sahihi, bado tunamtafuta mtu aliyepimwa.

Alvin Lucier alilifikia hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1967 alitunga kazi ya kwaya kwa kutumia vokoda ya kampuni ya Sylvania. Miaka miwili baadaye aliacha vifaa vyote isipokuwa vya kunasa na kurudisha sauti. Alikaa chumbani, akasoma maneno machache yanayoeleza kile anachokifanya, akairudisha sauti hiyo kwa spika ndani ya chumba kilekile, akairekodi tena, akairudisha tena. I Am Sitting in a Room ndilo jina la kazi hiyo. Kila mzunguko kuta huongeza nguvu ya mitetemo zinayoipenda na kudhoofisha mingine. Mwanzoni unasikia mtu anayesoma, tena mwenye kigugumizi. Katikati unasikia maneno yakiwa yamevaa mwangwi. Mwishoni hakuna irabu wala konsonanti, kuna sauti za chumba tu, zikipanda na kushuka kwa mwendo wa sentensi za mtu yule. Dudley alitunza kinywa akaacha mengine yaende. Lucier aliacha kinywa kiende, akathibitisha kwamba mwendo wa msemaji hauondoki hata pale maneno yanapokwisha.

Kazi kama hizi ndizo zilizowafanya wasomi wa sanaa waanze kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2010 Norie Neumark, Ross Gibson na Theo van Leeuwen walihariri kitabu kizima juu ya sauti ya binadamu katika sanaa na vyombo vya kidijitali, na mwaka 2012 Jonathan Sterne akaandika historia ya MP3 inayoanzia kwenye utafiti wa simu na masikio. Anayenigusa zaidi ni msanii na mtafiti Lawrence Abu Hamdan. Mwaka 2012 alifanya kazi na Wasomali waliokuwa Uholanzi, ambao maombi yao ya hifadhi yalikataliwa baada ya wachambuzi kusikiliza lafudhi zao na kuamua kwamba hawatoki walikosema wanatoka. Pamoja na mbunifu wa michoro alitengeneza ramani za maisha ya sauti zao: alikozaliwa mtu, alikokimbilia, aliyekaa naye kambini, lugha iliyomwingia kwa kila hatua. Ukizitazama ramani hizo unaona kwamba silabi moja haiwezi kuwa pasipoti. Ufundi wa kujua kipi kitupwe katika sauti, ukiwekwa mikononi mwa mtu mwenye mhuri, unaweza kumtupa mwenye sauti.

Kwa Kiswahili kazi bado ni kubwa, na naitamani kwa dhati. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, unakusanya pia Kiswahili: mtu anasoma sentensi kwa simu yake, wengine wanaisikiliza, na wawili wakikubali kwamba imesomwa sawasawa inaingia katika hazina inayofundishia kompyuta. Kitendo chake ni kilekile cha wasikilizaji wa Fletcher, sikio na uamuzi. Tunachohitaji sasa ni orodha zetu za kupimia simu na kodeki, zilizotungwa na wanaoijua lugha hii kutoka ndani. Ziwe na maswali yasiyo na neno la kuuliza, ili chombo kinachobana kidatu kikamatwe. Ziwe na s na f, th na dh, kwa wingi. Na ziwe na paa la nyumba pamoja na paa wa porini, vinavyotamkwa na mtu wa Mombasa au Lamu anayempa yule wa porini pumzi ya ziada kwenye p: pumzi ya sehemu ndogo sana ya sekunde, yenye mlio wa upepo tu, ambayo mashine isiyofundishwa itaihesabu kuwa kelele na kuifuta.